Njia ya Mkimbiaji Haichorwi kwa Chokaa

Ndugu waamuzi, makocha na wachezaji, hamjambo.

Naomba tuanze na kiwanja kitupu cha besiboli, kabla timu hazijaingia. Simama nyuma ya beisi ya nyumbani, pale mpigaji anapoanzia na mkimbiaji anaporudi kupata pointi, tazama mbele. Utaona mistari miwili mirefu ya chokaa, mmoja ukielekea beisi ya kwanza na mwingine beisi ya tatu, na yote miwili inaendelea hadi mwisho wa uwanja. Sasa tafuta mstari unaotoka beisi ya kwanza kwenda ya pili. Haupo. Wa kutoka ya pili kwenda ya tatu nao haupo. Na hiyo miwili unayoiona haikuchorwa kwa ajili ya miguu ya mkimbiaji. Ni mipaka ya eneo halali na eneo la faulo, na kazi yake ni kuupima mpira uliopigwa.

Nimeanza hapo kwa sababu ugomvi mwingi wa viwanjani unazaliwa na imani kwamba kati ya beisi mbili kuna reli, na mkimbiaji ni gari moshi. Akipinda kidogo, benchi zima linasimama: "Ametoka njiani! Ni auti!" Mwamuzi mgeni anasikia kelele, anatazama, anamwona kweli mkimbiaji yuko mbali na mstari wa kufikirika, anainua ngumi, ishara ya auti, yaani mkimbiaji ametolewa. Amekosea. Kwa sehemu kubwa ya mchezo mkimbiaji wa besiboli hana njia yoyote aliyowekewa. Anaweza kuzunguka beisi ya tatu kwa upana mpaka akanyage nyasi za eneo la faulo, na hakuna kosa. Anajirefushia safari tu, na hiyo ni hasara yake mwenyewe.

Njia inazaliwa lini, basi? Inazaliwa pale mlinzi mwenye mpira anapojaribu kumgusa mkimbiaji nao ili amtoe. Sekunde hiyo hiyo, chora akilini mstari ulionyooka kutoka pale alipo mkimbiaji hadi beisi anayotaka kuifikia. Angalieni sana: kutoka pale alipo mkimbiaji. Beisi aliyotoka haihesabiki. Huo ndio mstari wake. Akitoka zaidi ya futi 3 kulia au kushoto kwake ili akwepe kuguswa, ni auti hata kama glovu haikumfikia. Futi 3 ni sentimita 91. Kwa hiyo ana ukanda wa futi 6 kwa jumla, nusu kila upande, na ukanda huo unaanzia miguuni pake.

Mfano. Mkimbiaji anazunguka beisi ya tatu kwa kasi na kupanuka mita 4 nje ya mstari wa faulo. Mpira unamfikia mdakaji, mlinzi wa beisi ya nyumbani, mkimbiaji akiwa bado katikati ya safari. Mdakaji anamsogelea na kunyoosha glovu. Mstari wake unatoka kule nje alikopanukia, moja kwa moja hadi beisi ya nyumbani. Kumhukumu kwa kutumia chokaa ya mstari wa faulo ni kumnyima haki, maana kwa kipimo hicho alikwisha kuwa auti kabla ya kufanya lolote.

Neno "kujaribu kumgusa" ndilo linalobeba kanuni nzima, na ndilo linalosahaulika. Mlinzi mwenye mpira aliyesimama hatua kumi mbali hajajaribu kitu. Mlinzi aliye karibu kabisa lakini mpira uko njiani kumjia hajajaribu pia. Jaribio ni mlinzi ambaye mpira uko mkononi au kwenye glovu, yuko jirani na mkimbiaji, na mwili au mkono wake unakwenda kumgusa. Anayemkimbiza mkimbiaji kwa karibu huku mkono uko tayari, huyo naye mhesabu kuwa anajaribu. Lakini asipojaribu mtu, hakuna njia, na pasipo njia hakuna kutoka njiani.

Hali ngumu kuliko zote ni mkimbiaji aliyebanwa kati ya beisi mbili, walinzi wawili wakirushiana mpira. Tumweke kati ya beisi ya tatu na ya nyumbani. Mdakaji anamkimbiza kuelekea ya tatu, mpira juu mkononi. Njia ya mkimbiaji ni mstari wa kwenda ya tatu. Mdakaji anarusha. Mlinzi wa beisi ya tatu anadaka na kumjia. Mkimbiaji anageuka, sasa anakwenda nyumbani. Mstari wa kwanza umekufa pale pale, na mlinzi huyu mpya anapojaribu kumgusa unazaliwa mstari mwingine, kutoka pale alipo sasa hadi beisi ya nyumbani. Akigeuka tena, mwingine tena. Ndiyo maana mkimbiaji mjanja huweza kusogea kidogo kidogo kila anapogeuka, hata mwishowe akawa mbali na pale alipoanzia, na bado hajavunja kanuni. Kila jaribio linapimwa peke yake.

Na kukwepa kwenyewe si kosa. Kuinama, kujikunja kiuno, kuvuta bega nyuma, kusimama ghafla ili mlinzi apitilize, vyote ni ustadi. Tarehe 25 Aprili 2017, Chris Coghlan wa Toronto Blue Jays alimkuta mdakaji Yadier Molina wa St. Louis Cardinals amejiinamia mbele ya beisi ya nyumbani na mpira unaingia. Akaruka juu yake kama mwogeleaji anavyojitosa, akapinduka angani, akaigusa beisi. Pointi ikahesabiwa. Kanuni rasmi za wakubwa hazikatazi kuruka. Ligi nyingi za watoto zinakataza, na zina sababu nzuri, kwa hiyo kocha wa watoto asome kanuni za ligi yake kabla ya kuwaonyesha picha hiyo.

Sasa, iko hali moja ambayo mkimbiaji anaruhusiwa, tena analazimika, kutoka zaidi ya futi 3. Ni pale mlinzi anapokuwa anaushughulikia mpira uliopigwa. Mpira unabingirika kuelekea nafasi iliyo kati ya beisi ya kwanza na ya pili. Mlinzi wa beisi ya pili anainama kuuokota, na mkimbiaji kutoka ya kwanza anakuja moja kwa moja. Hapo mwenye haki ni mlinzi. Mkimbiaji lazima ampishe, apite nyuma yake au mbele yake, kwa upana wowote unaohitajika. Akimgonga au kumtatiza ni auti, na hakuna utetezi wa "nilikuwa kwenye njia yangu." Haki hiyo ni ya mlinzi mmoja tu katika kila mpigo, yule ambaye mwamuzi anaona ndiye mwenye nafasi ya kuucheza mpira.

Mkimbiaji akishapita nyuma ya mlinzi huyo, na mlinzi akauokota mpira na kumgeukia ili amguse, kitu kimebadilika. Mpira si wa kuokotwa tena, umekwisha kuokotwa. Sasa kuna jaribio la kumgusa, na mstari unazaliwa kutoka pale alipo mkimbiaji, pengine mita 2 nyuma ya usawa wa beisi hizo mbili. Makocha wa ulinzi hulalamika hapa kila mara: "Alikuwa ametoka njiani tangu mwanzo!" Hapana. Alikuwa anampisha mlinzi kama kanuni inavyomtaka, na njia yake inaanzia kule alikompishia. Kitu asichokuwa na ruhusa nacho ni kutoka futi 3 nyingine baada ya hapo.

Na mkimbiaji akiguswa na mpira uliopigwa, ndani ya eneo halali, kabla haujamgusa mlinzi wala kumpita mlinzi yeyote wa ndani isipokuwa mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, ni auti. Hili nalipita haraka kwa sababu halina mjadala mwingi.

Upande wa pili wa sarafu ni mlinzi asiye na mpira. Huyo hana haki ya kusimama mbele ya mkimbiaji, isipokuwa anaushughulikia mpira. Na kwa kuwa njia ya mkimbiaji haijachorwa, mlinzi hawezi kujitetea kwa kusema mkimbiaji alipaswa kupita pengine. Mechi ya 3 ya fainali za mwaka 2013 kati ya Boston Red Sox na St. Louis Cardinals iliamuliwa hivi. Ilikuwa sehemu ya mwisho ya mchezo, pointi 4 kwa 4. Mdakaji wa Boston alirusha mpira beisi ya tatu ili kumtoa Allen Craig. Mpira ukampita mlinzi Will Middlebrooks, naye akabaki amelala chini kwa kifua. Craig alipoinuka kuelekea nyumbani, miguu ya Middlebrooks ilikuwa imeinuka mbele yake. Akajikwaa, akaanguka, akainuka akachechemea hadi nyumbani, ambako mpira ulimfikia kwanza. Lakini mwamuzi wa beisi ya tatu, Jim Joyce, alikwisha kuonyesha kwa mkono kwamba mkimbiaji amezuiwa. Dana DeMuth, aliyekuwa beisi ya nyumbani, akamhesabia Craig pointi, na St. Louis wakashinda 5 kwa 4.

Watu waliuliza: Middlebrooks angefanya nini, amelala pale baada ya kuupigania mpira? Kanuni haiulizi nia. Mpira ukishampita mlinzi, kuushughulikia kumekwisha, na akibaki njiani amezuia. Mlinzi mwema hujifunza kujiviringisha kando ya mkimbiaji na kuiweka miguu chini.

Nakuja kwenye kipande kimoja cha chokaa ambacho sikukitaja mwanzoni, nacho kimechorwa kwa ajili ya mkimbiaji. Nitakaa hapa kwa muda, maana hakuna sehemu ya kiwanja iliyoleta uchungu mwingi kama mita 13 na kitu za mwisho kabla ya beisi ya kwanza.

Kutoka beisi ya nyumbani hadi ya kwanza ni futi 90, yaani mita 27.43. Kwenye viwanja vya watoto na vya softboli umbali ni futi 60. Nusu ya pili ya safari hiyo, kuanzia futi 45 kwenye kiwanja cha wakubwa, huchorwa mstari wa pili sambamba na mstari wa faulo, futi 3 upande wa nje. Kati ya mistari hiyo kuna ujia, na nitaeleza baadaye jinsi MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, walivyoupanua. Mpigaji anayekimbilia beisi ya kwanza akiwa nje ya ujia huo, iwe kulia au kushoto, na mwamuzi akaona kwamba hilo limemtatiza mlinzi anayepokea mpira kwenye beisi ya kwanza, ni auti. Mpira unakufa, yaani mchezo unasimama, na wakimbiaji wengine, kwa kawaida, wanarudishwa walikokuwa mrushaji alipotupa mpira.

Sikilizeni kwa makini yale ambayo kanuni haisemi. Haisemi kwamba kukimbia nje ya ujia peke yake ni auti. Mpigo ukienda mbali nje na mpira haurushwi beisi ya kwanza, akimbie apendavyo; wengi hupinda nje mapema ili wageukie beisi ya pili kwa kasi. Haisemi pia kwamba lazima mpira umguse mkimbiaji. Akimziba mlinzi macho au kumfanya ashindwe kunyoosha glovu, inatosha. Wala haisemi kwamba mpira ukimgusa basi moja kwa moja ni auti. Akiwa ndani ya ujia na mpira ukampiga mgongoni bila yeye kukusudia kuuzuia, mchezo unaendelea. Na mpira uliorushwa vibaya ukapaa juu ya kichwa cha mlinzi haukutatizwa na mkimbiaji, umetatizwa na mkono ulioutupa.

Mistari yenyewe ni sehemu ya ujia. Mguu ulio juu ya chokaa uko ndani. Mguu uliovuka chokaa wote na kutua nje uko nje, hata kama mwingine uko ndani. Hatua ya mwisho, akiwa karibu kabisa na beisi, mkimbiaji anaruhusiwa kutoka kwa kupiga hatua, kunyoosha mguu au kuserereka ili aiguse beisi.

Ruhusa hiyo ya mwisho iliwekwa kwa sababu ya tatizo la kimaumbile. Beisi ya kwanza imelazwa yote ndani ya eneo halali. Ujia wa zamani ulikuwa wote upande wa faulo. Kwa maneno mengine, mkimbiaji aliambiwa akimbie kwenye kichochoro ambacho mwisho wake hauna mlango: akifuata kanuni kikamilifu, beisi haiko mbele yake, iko kushoto kwake. Na mpigaji anayetumia mkono wa kulia huanza safari akiwa upande wa kushoto wa beisi ya nyumbani, yaani ndani ya uwanja. Njia yake fupi kuliko zote iko kushoto mwa mstari. Ili aingie kwenye ujia lazima aukatize mstari wa faulo kwenda kulia, kisha arudi kushoto kuigusa beisi. Miili haipendi kukimbia hivyo.

Mwaka 1969, katika mechi ya 4 ya fainali, New York Mets na Baltimore Orioles walikuwa 1 kwa 1 katika kipindi cha 10. J.C. Martin aligusia mpira taratibu, ile tunayoiita banti. Mrushaji Pete Richert akauokota na kuurusha beisi ya kwanza, ukampiga Martin kwenye kifundo cha mkono na kupotelea kando. Mkimbiaji kutoka beisi ya pili akafika nyumbani na Mets wakashinda. Picha zilizotolewa baadaye zilionyesha Martin akikimbia ndani ya uwanja, kushoto mwa mstari. Hakuna mwamuzi aliyeita.

Miaka 50 baadaye, mechi ya 6 ya fainali za 2019, Washington Nationals walikuwa wakiongoza Houston Astros 3 kwa 2 katika kipindi cha 7. Trea Turner, mpigaji wa mkono wa kulia, alipiga mpira dhaifu chini, mrushaji Brad Peacock akauokota na kuurusha. Mkimbiaji na mpira vikafika pamoja, glovu ya mlinzi Yuli Gurriel ikang'oka mkononi, mpira ukaenda zake. Safari hii Sam Holbrook, mwamuzi wa beisi ya nyumbani, aliita kosa la kumtatiza mlinzi. Turner ni auti, na mkimbiaji mwenzake akarudishwa beisi ya kwanza. Kocha mkuu wa Washington, Dave Martinez, alifoka hadi akatolewa mchezoni. Timu yake ilishinda 7 kwa 2, lakini hasira haikuisha, na mimi naona ilikuwa hasira ya haki iliyoelekezwa kwa mtu asiyehusika. Holbrook aliisoma kanuni kama ilivyoandikwa. Turner alikimbia kama miguu ya mtu inavyokimbia. Kasoro ilikuwa kwenye ramani ya kiwanja.

MLB walirekebisha ramani hiyo kuanzia msimu wa 2024. Ujia sasa unajumuisha pia udongo ulio kati ya mstari wa faulo na nyasi za uwanja wa ndani, na udongo huo unatakiwa uwe na upana wa inchi 18 hadi 24, yaani sentimita 46 hadi 61. Ukijumlisha na futi 3 za nje, mkimbiaji ana upana wa mita 1.37 hadi 1.52, na sasa beisi iko mbele yake. Mwamuzi naye amepata mpaka ulio rahisi kuona: mguu uko kwenye udongo au uko kwenye nyasi. Ligi nyingine zina kanuni zao, kwa hiyo kabla ya mechi ulizeni mnacheza kwa ujia upi. Softboli imekuwa na dawa yake, beisi ya kwanza pacha: nusu nyeupe kwenye eneo halali kwa ajili ya mlinzi, nusu ya rangi ya chungwa kwenye eneo la faulo kwa ajili ya mkimbiaji. Kwa viwanja vya watoto sijaona ununuzi bora kuliko huo.

Kwa mdakaji, somo ni jingine. Banti ikilala mbele ya beisi ya nyumbani karibu na mstari wa kwanza, asirushe mpira mgongoni mwa mkimbiaji akitumaini kuitiwa kosa. Apige hatua moja ndani ya uwanja, apate upenyo, na mlinzi wa beisi ya kwanza anyooshe glovu upande ule ule wa ndani huku akiita "ndani, ndani!" Mpira ukiwa upande wa faulo, kama baada ya mdakaji kukosa kuudaka mgomo wa tatu, yaani mtupo wa tatu uliohesabiwa dhidi ya mpigaji, wote wawili wahamie nje. Anayerusha na anayepokea wakiwa pande mbili tofauti za mkimbiaji, mpira utakatiza mwili wake, na hapo ndipo mifupa huvunjika.

Tukigusia mgomo wa tatu: mpigaji ambaye mpira wake haukudakwa na ana haki ya kukimbia, akiondoka kwenye duara la udongo linalozunguka beisi ya nyumbani bila kuelekea ya kwanza, ni auti kwa kuwa ameacha kukimbia. Duara hilo lina kipenyo cha futi 26. Vivyo hivyo mkimbiaji aliyekwisha kuigusa beisi ya kwanza, akadhani ametolewa, akaanza kutembea kuelekea benchi: mwamuzi akiona ameacha waziwazi kutafuta beisi inayofuata, ni auti, na hapa hakuna haja ya mtu kujaribu kumgusa.

Akipitiliza beisi ya kwanza kwa kasi, mkimbiaji anaweza kugeuka kulia au kushoto, upande wowote. Nimesikia makocha wazoefu wakiwaambia watoto kwamba kugeuka kushoto ni auti ukiguswa. Sivyo. Kinachomwondolea kinga ni kuanza kwenda beisi ya pili. Hatua moja ya dhati, hata bega likidanganya kwa makusudi, mwamuzi anaweza kuihesabu kuwa jaribio. Vinginevyo arudi moja kwa moja na yuko salama.

Je, mkimbiaji anaweza kurudi nyuma? Anaweza, na mara nyingine lazima. Mpira ukidakwa hewani wakati amekwisha kuipita beisi ya pili, anarudi kwa kufuata mpangilio ule ule kinyume: anaigusa tena ya pili ndipo arudi ya kwanza. Akikata katikati ya uwanja ili awahi, walinzi wakikata rufaa kwa kuigusa beisi aliyoiruka, ni auti. Kinachokatazwa ni kukimbia kinyumenyume cha mpangilio kwa nia ya kuwachanganya walinzi au kuufanyia mchezo mzaha, baada ya kuwa amekwisha kuimiliki beisi.

Mpigaji ambaye hajafika beisi ya kwanza hajamiliki kitu, na hapo ndipo Javier Báez alipojipenyeza tarehe 27 Mei 2021. Chicago Cubs walikuwa Pittsburgh, auti 2, Willson Contreras yuko beisi ya pili. Báez akapiga mpira chini. Mrusho ukamvuta mlinzi Will Craig hatua chache mbele ya beisi ya kwanza. Báez akasimama, akaanza kurudi nyuma kuelekea nyumbani, na Craig akamfuata na mpira mkononi. Alichohitaji Craig ni kugeuka na kuikanyaga beisi ya kwanza: auti ya 3, na hata kama Contreras angekuwa amekwisha kufika nyumbani, pointi yake isingehesabiwa, maana mpigaji ametolewa kabla ya kuigusa beisi ya kwanza. Badala yake alimkimbiza Báez mpaka Contreras akafika, akamtupia mdakaji mpira, Contreras akaserereka salama, na Báez akageuka mbio kwenda beisi ya kwanza isiyokuwa na mtu. Mpira wa kumfuata ukapotea, akachukua na ya pili. Waamuzi hawakukosea popote. Mlinzi alisahau kwamba kumgusa mpigaji ni njia moja tu ya kumtoa, na beisi haikimbii.

Mkimbiaji akimpita mwenzake aliye mbele, aliyepita ni auti. Hata kwenye mpira uliovuka uzio. Aliye nyuma ndiye mwenye wajibu wa kutazama.

Kuhusu kugongana nitasema kwa ufupi, ingawa linahusu afya za watu. Tarehe 25 Mei 2011 mdakaji Buster Posey alivunjika mfupa wa mguu na kuchanika kano za kifundo baada ya kugongwa nyumbani. Tangu 2014 mkimbiaji haruhusiwi kuacha mwelekeo wake wa moja kwa moja kwenda beisi ya nyumbani ili akamgonge mdakaji, na mdakaji asiye na mpira haruhusiwi kuiziba njia. Oktoba 2015 Ruben Tejada wa Mets alivunjika mguu kwa Chase Utley kuserereka dhidi yake katika beisi ya pili. Mwaka uliofuata kuserereka kukapewa masharti manne: aanze kabla ya kufika kwenye beisi, aweze na ajaribu kuifikia kwa mkono au mguu, aweze na ajaribu kubaki juu yake, na asibadili njia ili kumgonga mlinzi. Hapa ndipo mahali pengine ambapo njia ya mkimbiaji ina maana, na mwamuzi atazame mabega: yakigeukia mlinzi badala ya beisi, jibu limepatikana.

Namalizia kwa waamuzi, maana wao ndio wanaoomba kipimo. Mkimbiaji anapobanwa, usisimame nyuma ya mlinzi wala nyuma ya mkimbiaji. Kutoka huko huwezi kuona upana. Simama pembeni, nje kidogo ya njia, uione glovu na kifua kwa pamoja. Mkiwa wawili, kila mmoja achukue nusu ya umbali, na anayejiwa na mkimbiaji ndiye anayeamua. Glovu inaponyooka, chagua kitu ardhini miguuni mwa mkimbiaji, kijiwe, alama ya kiatu, ncha ya jani, na uipeleke akili yako kwa mstari hadi kwenye beisi. Fuata miguu yake. Futi 3 ni karibu urefu wa mkono wa mtu mzima ukiunganisha na glovu, kwa hiyo mlinzi akijinyoosha kikamilifu na bado glovu ikawa mbali na mkimbiaji kwa nafasi inayoonekana wazi, huenda amepita. Ikiwa una shaka, hajapita. Ukiita, onyesha kwanza kwa mkono mahali alipotokea, ndipo uinue ngumi, ili benchi lijue umeona nini.

Mazoezi yake ni rahisi. Chukueni kamba ya futi 90 na mbili fupi za futi 3. Mtu mmoja akimbie, mmoja amfukuze na mpira, mwamuzi apige filimbi glovu inaponyooka na wote wasimame. Tandazeni kamba ndefu kutoka kiatu cha mkimbiaji hadi beisi, wekeni zile fupi kulia na kushoto, kisha mkimbiaji arudie kukwepa kule alikokwepa mwanzo. Fanyeni mara ishirini. Kisha fanyeni nyingine ishirini mkimbiaji akianza mita 4 nje ya mstari wa faulo, maana hiyo ndiyo inayokosewa.